Waya wa Banda la Kuku

Nyumba tuliyonunua Kitui mjini mwanzoni mwa miaka ya sabini ilikuwa na stima tayari, na hiyo ndiyo sababu tuliinunua. Sababu za kutoinunua zilikuwa nyingi zaidi. Choo kilikuwa mbali, paa lilipiga kelele kila upepo ulipovuma, na mlango wa mbele ulifungukia nje, jambo ambalo hakuna aliyeweza kutueleza. Lakini kila chumba kilikuwa na taa, na mimi nilikuwa nimesahihisha madaftari kwa taa ya mafuta kwa miaka sita. Mume wangu, aliyekuwa karani serikalini, alisema tuangalie nyumba nyingine mbili kwanza. Nilimwambia aende akaziangalie yeye.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kiislamu, mtu wa asili ya pwani. Marehemu mumewe alikuja Kitui kuuza nguo miaka mingi kabla ya Uhuru, akajenga hapo kwa mawe. Sasa mjane alikuwa anahamia Mombasa kwa binti yake. Alitukaribisha kwa Kiswahili kizuri mno, hata mimi na mume wangu tukawa tunajibu kwa maneno mawili mawili tu ili tusijiaibishe. Alituonyesha vyumba, tangi la maji na stoo, na mwisho akatupeleka kwenye korido akafungua kabati dogo la ukutani.

Ndani mlikuwa na ubao mweusi wenye ukubwa wa sinia ya chai. Juu yake kulikuwa na swichi kubwa ya chuma yenye mkono, na chini yake fyuzi nne za kauri nyeupe. Ndani ya kila fyuzi mlikuwa na kiwaya chembamba ambacho kazi yake ni kukatika stima ikizidi, ili nyumba isiungue. Waya zilizotoka pale kwenda vyumbani zilikuwa zimevikwa mpira, na juu ya mpira kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimechakaa kama soksi ya mzee.

"Wanangu," alisema, "ubao huu aliuweka marehemu, na umri wake ni sawa na wa mwanangu wa kwanza, naye keshaota mvi. Siwezi kuwauzieni kitu nikawaficha kasoro yake. Pasi ikiwaka, redio izimwe. Mvua ikinyesha, msiuguse. Na mkipata nafasi, ung'oeni muweke mwingine."

"Tutaubadilisha," mume wangu alisema.

"Marehemu naye alisema hivyo," mjane akajibu, akafunga kabati.

Tulihamia mwezi uliofuata. Ubao hatukuubadilisha. Tulipaka rangi mlango wa kabati, rangi ya maziwa, na mume wangu akatundika kalenda ya kanisa juu yake.

Habari ya bima ilikuja baada ya stoo ya karani mwenzake mume wangu kuungua na kila kitu ndani. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo akiwa ameamua. Wakala wa bima hatukuhitaji kumtafuta, kwa sababu tulikuwa naye kanisani. Alikuwa akiimba besi katika kwaya, mtu mnene mwenye mkoba wa ngozi, aliyeamini kwamba Mungu alimpa sauti ile ili watu wamsikilize hata siku za kazi. Alikuja Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya, akanywa chai na mandazi manne, kisha akatoa fomu.

Fomu ilikuwa kwa Kiingereza. Alituambia tusijisumbue. Alisoma maswali mwenyewe na kuyajibu mwenyewe.

"Paa ni la mabati? Ndiyo. Kuta ni za mawe? Ndiyo. Mnaweka petroli ndani ya nyumba? Hapana. Mitambo ya stima imekaguliwa na fundi mwenye cheti? Ndiyo."

"Haijakaguliwa," mume wangu alisema.

Wakala aliinua macho. "Taa zinawaka?"

"Zinawaka."

"Basi imekaguliwa."

Mume wangu alitia sahihi. Alikuwa mtu mwaminifu, mzee wa kanisa, na najua alisita kwa sababu kalamu ilikaa hewani kidogo. Mimi nilikuwa nimeketi palepale na birika mkononi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la saba, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwadhibu mwanafunzi kwa kujibu swali ambalo hakulisoma. Nilimwongezea wakala chai.

Baada ya baba mkwe kufariki, mama mkwe wangu alitoka kijijini Matiliku akaja kukaa nasi. Alikuja na kinu, mchi na kuku wanane. Watoto wetu watatu walikuwa wameanza kwenda shule za bweni, kwa hiyo muda mwingi tulikuwa sisi watu wazima watatu tu. Alinitazama nikitwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa, siku ya kwanza, akaninyang'anya mchi bila kusema neno, na tangu hapo kutwanga kukawa kazi yake. Hakunisema vibaya. Aliwaambia tu wageni wote, mbele yangu, kwamba walimu wana mikono ya chaki.

Stima hakuitaka. Hakuwahi kugusa swichi. Giza likiingia na sisi hatujarudi, alikaa gizani mpaka mtu afike, na ukimuuliza kwa nini hakuwasha taa alisema hakuwa akitafuta kitu.

Kwa ajili ya wale kuku, mume wangu alijenga banda la mbao na waya wa matundu pembeni mwa jikoni. Lilikuwa banda zuri. Alilifanyia kazi kwa bidii kubwa kuliko alivyowahi kulifanyia kazi lile kabati.

Kufikia mwanzo wa miaka ya themanini fyuzi moja ilikuwa imeanza kutusumbua. Ilikuwa ile ya soketi, yaani ya pasi, redio na friji ndogo tuliyoinunua mkono wa pili. Ilikatika mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa wiki, kisha kila nilipogusa pasi. Kila mara mume wangu alizima swichi kubwa, akachomoa fyuzi, akafunga kiwaya kipya kutoka kadi aliyoinunua duka la vifaa vya ujenzi, akairudisha. Alifanya hivyo kwa upole wa mtu anayemfunga bandeji mgonjwa asiyepona. Nilimwambia tumwite fundi. Alisema fundi atasema tubadilishe kila kitu, na hilo tayari tunalijua, kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua. Badala yake aliliweka jambo hilo katika maombi ya jioni, baada ya mvua na kabla ya watoto.

Basi kukawa na sherehe ya kufungua kanisa jipya. Majoho ya kwaya yalikuwa thelathini na mbili, nami nilijitolea kuyapiga pasi kwa sababu nilikuwa na pasi ya stima, na kwa sababu nilitaka watu wajue kwamba nilikuwa nayo. Siku moja kabla ya sherehe mume wangu alikuwa mji wa Salama kwenye mazishi, akitarajiwa kurudi asubuhi ya sherehe. Nilianza kazi saa nane mchana. Kwenye joho la nne fyuzi ilikatika.

Nilitafuta ile kadi ya viwaya. Ilikuwa tupu. Nilikwenda dukani, mwenye duka akaniambia viwaya vimekwisha, vingine vitakuja Jumanne. Nilirudi nyumbani nikaketi nikiyaangalia majoho ishirini na tisa. Kisha nikachukua koleo, nikatoka nje, nikakata kipande cha waya wa banda la kuku, nikakikunja mara tatu, nikakifunga ndani ya fyuzi mahali pa kile kiwaya chembamba.

Nilijua nilichokuwa nikifanya. Nataka hilo lieleweke. Sura ya umeme katika kitabu cha sayansi nilikuwa nimeifundisha mara tisa. Nilikuwa nimechora fyuzi ubaoni na kuwaambia watoto kwamba fyuzi ni kama mlinzi wa mlangoni. Nilimwondoa mlinzi nikaweka nguzo, nikapiga pasi majoho yote, na sherehe ikapendeza.

Nilikusudia kuutoa Jumanne. Jumanne nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Baadaye nilikusudia kumwambia mume wangu, lakini alikuwa amefurahi. Fyuzi haikukatika tena. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Alikuwa akifungua kabati, akiangalia, akifunga, akitikisa kichwa kwa mshangao. Hakuichomoa fyuzi, kwa kuwa kitu kinachofanya kazi hakichomolewi. Mwezi wa tatu, Jumapili, alisimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Nilikuwa na tatizo la stima nyumbani kwangu," alisema. "Mafundi wangenidai pesa nyingi. Nililipeleka kwa Bwana. Leo ni miezi mitatu, haijakatika hata mara moja."

Kanisa likasema amina. Nilisema amina pia, kwa sababu nilikuwa nimeketi mstari wa mbele na wake za wazee wengine. Baada ya hapo kumwambia kukawa jambo gumu zaidi.

Kwa kuwa stima ilikuwa imepona, tuliiongezea kazi. Tulinunua televisheni. Tukanunua jiko la stima la sahani mbili. Tukaweka birika la stima, ambalo mume wangu alilipenda mno hata akawa anachemsha maji kabla ya kujua atayafanyia nini. Vyote vilipitia ile fyuzi moja, kwenye waya zilezile za marehemu, na mimi nilipita mbele ya ile kalenda mara ishirini kwa siku. Hofu ilinishika kwa wiki chache za kwanza, kisha ikapungua, kisha nikaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Tulikaa hivyo miaka mitatu na ushee.

Nyumba iliungua Jumamosi, saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Nilikuwa nikipiga pasi sebuleni. Mume wangu alikuwa jikoni, birika likiwa limewashwa na sahani moja ya jiko pia. Mama mkwe alikuwa uani akitwanga. Nilisikia harufu ya mpira, nikadhani kuna mtu nyuma ya ua anachoma tairi. Kisha taa ya korido ikawaka kwa mwanga mkali, ikafifia, na pembeni mwa kalenda moshi ukaanza kutoka, mweusi na mwembamba.

Nilichomoa pasi nikapiga kelele. Mume wangu akaja mbio, akafungua kabati, na moto ukatoka kama uliokuwa ukisubiri kufunguliwa. Alikuwa na karai la maji mkononi. Sikumbuki nilisema nini, ila nilimpiga mkono na maji yote yakamwagika miguuni mwetu.

"Si maji!" nilimwambia. "Stima! Zima!"

Alijaribu kushika mkono wa swichi kubwa. Ulikuwa wa moto mno na haukusogea. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa ameshaingia, na nyuma yake mama mkwe akiwa bado na mchi wake. Fundi cherehani alimpokonya mchi, akasimama mbali kadiri alivyoweza, akaupiga ule mkono wa swichi mara mbili. Mara ya pili ukashuka. Taa zikazimika nyumba nzima, friji ikanyamaza, na hapo ndipo tulipoanza kusikia sauti ya moto wenyewe, juu, ndani ya dari.

Dari ilikuwa ya mbao laini, na ilishika moto kama karatasi. Uani tulikuwa na rundo la mchanga wa mtoni tuliouleta kujengea choo karibu. Majirani waliubeba kwa karai, kwa sufuria, kwa khanga. Kuna mama alibeba kwa kofia ya mumewe. Saa sita mchana moto ulikuwa umekwisha, na hakuna aliyeumia zaidi ya mume wangu, aliyeungua kiganja. Korido haikuwepo tena. Sebule ilikuwa haina paa. Chumba chetu kilibaki kuta na springi za kitanda. Jikoni na chumba cha mama mkwe vilipona. Vyeti vyangu vya ualimu viliungua, na picha zote za harusi, na televisheni ilikuwa imeyeyuka ikafanana na mkate ulioharibika.

Mume wangu alisimama katikati ya sebule akiangalia juu, mahali palipokuwa na dari.

"Bora tuna bima," alisema.

Mimi nilikwenda nyuma ya jikoni nikasimama mbele ya banda la kuku.

Tulipanga vyumba viwili nyuma ya maduka. Mtu wa kampuni ya bima alikuja kutoka Nairobi baada ya wiki mbili. Hakuwa kama wakala wetu. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa magharibi mwa Kenya, na alikuja na brashi ndogo ya rangi na mifuko ya plastiki. Aliingia kwenye masalia ya korido, akachuchumaa, akapangusa majivu kwa ile brashi kwa muda wa saa nzima. Hakutuuliza kitu. Kisha alikuja jikoni, tulikokuwa tumeketi mimi, mume wangu na mama mkwe, akaweka mezani kitu kilichofungwa katika mfuko.

Ilikuwa ile fyuzi. Kauri ilikuwa imepasuka na kuwa nyeusi, lakini waya ulikuwa ungali ndani, umekunjwa mara tatu.

"Kiwaya cha fyuzi," alisema, "huwa chembamba kama unywele. Huu si wa fyuzi." Aliugeuza. "Huu ni waya wa kuku."

Akageuka akaangalia nje ya dirisha, kwenye banda. Upande wa chini wa banda kulikuwa na mahali palipokatwa, ambapo mama mkwe alikuwa amepaziba kwa gunia. Alipaangalia kwa muda, kisha akafungua daftari lake.

"Naomba kuuliza tu," alisema. "Nani aliweka?"

Mume wangu alikuwa ameukodolea macho ule waya. Niliona kwamba alikuwa akihesabu moyoni, miezi na miaka, akirudi nyuma. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe wangu, ambaye alikuwa hajui fyuzi ni mdudu gani, ila alielewa kwamba mtu fulani wa nyumba hii anatafutwa, alisema kwa Kikamba:

"Ni nyie."

Mtu wa bima akatuangalia mimi na mume wangu. "Anasema ni ninyi?"

"Hapana," mume wangu alisema. "Kwa Kikamba, 'nyie' ni 'mimi'. Anasema ni yeye."

Mtu wa bima alimtazama yule mama mzee, na vidole vyake vilivyoshika fimbo. "Mwambie tafadhali anionyeshe alivyofanya."

Mume wangu akamtafsiria. Mama mkwe akainuka. Akatembea mpaka ukutani, polepole, akasimama akiangalia vitu vilivyokuwa pale: swichi ya taa, soketi, na saa ya ukutani. Alivitafakari vyote vitatu. Kisha akanyoosha fimbo akaionyesha saa.

"Mwaitu, kaa chini," nilimwambia, kama tunavyomwita mama kwetu. Nikamgeukia mtu wa bima. "Ni mimi. Niliukunja mara tatu, nikafunga kwa skrubu mbili. Kulikuwa na majoho ya kupiga pasi."

Aliandika. Kalamu yake ilikuwa na kelele. Mume wangu hakunitazama. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku gani?"

"Siku ile ulikuwa Salama kwa mazishi."

Aliliweka hilo mahali pake. "Ndiyo maana," alisema.

Kabla ya kuondoka, mtu wa bima aliniita kando. Alinionyesha kipande cha waya wa marehemu alichokiokota upande usioungua. Alikifinya, na mpira ukapukutika kama ganda la yai.

"Mama, waya zenu zilikuwa zimekufa zamani," alisema. "Hata kwa fyuzi nzuri hii nyumba haikuwa na miaka mingi. Wewe uliharakisha tu."

Sikujua kama alikuwa akisema ukweli au akinionea huruma, na sijui hadi leo. Nilimshukuru.

Barua ya kampuni ilifika baada ya mwezi. Hawakulipa. Walitaja mambo mawili. La kwanza lilikuwa waya. La pili lilikuwa fomu, ambayo nakala yake waliiambatisha: mitambo ya stima imekaguliwa na fundi mwenye cheti, Ndiyo, na chini yake sahihi ya mume wangu, safi kabisa. Waliongeza kwamba hilo la pili peke yake lingetosha.

Wakala alikuja kutupa pole na sukari kilo mbili. Mume wangu alimwekea ile nakala mezani, akaweka kidole kwenye swali.

"Hilo swali," wakala alisema, "kila mtu huandika Ndiyo."

"Wewe ndiye uliandika."

"Ndiyo. Kwa kila mtu."

Nilidhani mume wangu atamfukuza. Alimwambia tu kwamba kuanzia kesho aende nyumba kwa nyumba aangalie kabati za watu aliowaandikia, na kama hataenda, yeye ataenda badala yake na ile barua mkononi. Wakala alikwenda. Namsifu kwa hilo. Walimwona Kitui nzima na tochi yake.

Nyumbani mume wangu hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alizungumza nami kuhusu chumvi, kuhusu barua za watoto, kuhusu mabati. Siku ya tano alisema, "Jumapili nitasimama."

"Kusema nini?"

"Ule ushuhuda. Nilitoa ushuhuda ambao si wa kweli."

"Hukujua."

"Sasa najua."

Nilimwomba asinitaje. Alisema hatanitaja, kwa kuwa kosa lake yeye halikuwa waya. Jumapili akasimama, mkono ukiwa bado na bandeji. Aliwaambia watu kwamba miaka mitatu iliyopita alisema mbele yao kwamba Bwana alimtengenezea fyuzi, na amegundua kwamba fyuzi ilizuiwa kukatika kwa njia nyingine, mbaya. Alisema pia alitia sahihi mahali palipokuwa na uongo, na anaomba msamaha kwa yote mawili. Akaketi. Watu hawakujua waseme amina au pole. Mchungaji alifikiri kidogo, akasema, "Bwana asifiwe hata hivyo," na tukaimba.

Nilikaa mpaka wimbo wa pili. Kisha nilisimama nikasema ni mimi niliyeweka ule waya, na kwamba majoho waliyovaa siku ya kufungua kanisa ndiyo yaliyohusika. Sijui kwa nini niliyataja majoho. Waimbaji wote walijitazama kifuani. Mume wangu alinisogezea nafasi kwenye benchi niliporudi, na tukitembea kwenda nyumbani alinichukulia Biblia yangu, akaibeba na yake. Hiyo ndiyo ilikuwa siku tuliyopatana.

Kwa mama mkwe nilikwenda peke yangu. Nilimkuta akichagua maharagwe. Nilimuuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Mimi ni mzee," alisema. "Wangenifanya nini?"

"Lakini hukujua hata ni kitu gani."

"Nilikuona uso." Alitupa jiwe dogo pembeni. "Mtu akiwa na uso ule, huulizi ni kitu gani."

Ilituchukua karibu mwaka mmoja kuezeka tena. Majirani walisaidia, na kanisa, na ndugu wa Matiliku waliotuletea mbao. Fundi wa stima alitoka Machakos, kijana mkimya mwenye cheti, ambacho mume wangu alikisoma pande zote mbili. Aling'oa kila waya wa zamani. Rundo lake lilijaza toroli mbili, na kila aliposhika mpira ulivunjika mkononi mwake. Mahali pa kabati aliweka boksi la chuma lenye sakiti breka sita, zile zinazojizima zenyewe stima ikizidi na ambazo hakuna mwanamke wala mwanamume anayeweza kuziwekea waya wa kuku. Alizika pia waya wa kwenda ardhini nje ya ukuta. Mume wangu alimuuliza maswali mengi sana, mpaka siku ya mwisho kijana akawa anamwita mwalimu, na mimi mama.

Bima tuliomba upya, kampuni nyingine. Fomu ile mume wangu aliijaza kwa siku mbili, na kamusi. Palipoulizwa kama kuna kampuni iliyowahi kukataa kutulipa, nafasi ilikuwa mstari mmoja. Alibandika ukurasa mzima nyuma, kwa mwandiko wake wa ofisini, akieleza kila kitu pamoja na banda la kuku. Kampuni ilituma mtu kuangalia, akaangalia, nao wakatukubali kwa malipo ya juu kidogo. Yule mtu alisema hajawahi kusoma fomu kama ile. Alituomba ruhusa awaonyeshe wenzake.

Mimi nilibaki na tabia ambayo watu waliivumilia. Nikitembelea nyumba ya mtu, baada ya salamu na kabla ya chai, niliomba kuonyeshwa fyuzi. Nimeona mengi. Mahali pa kiwaya nimeona karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, pini ya nywele, na kwa mwalimu mwenzangu mmoja, kijiko. Mdogo wangu wa tumbo moja aliolewa mji mdogo uitwao Kabati, na yeye na mumewe walinunua nyumba ya zamani yenye duka mbele. Nilikwenda kuwaona mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ubao wao ulikuwa stoo, nyuma ya magunia ya maharagwe, mweusi, wenye waya za kitambaa.

"Shemeji," nilimwambia mumewe, "hii muitoe."

Alicheka. "Hii? Imefanya kazi tangu tununue nyumba. Haijawahi kutusumbua."

Nilivuta gunia nikakaa juu yake. Nilimwambia sitoki hapo stoo mpaka nijue siku ambayo fundi atakuja. Mdogo wangu aliniletea chai hukohuko, bila kuniangalia, kwa hasira. Wateja walikuwa wakichungulia mlangoni. Kufikia saa kumi jioni shemeji alitoka, akarudi na jina la fundi na siku, Alhamisi. Nilimfanya aandike kwenye karatasi.

Fundi alikuja Alhamisi kweli. Mdogo wangu alininunia kwa sababu ukuta wake uliopakwa rangi juzijuzi ulitobolewa mahali kumi na moja, na alininunia mpaka Krismasi.